Ba'mdogo wangu alikuwa pia jirani yangu, na vyeo vyote viwili alivitumia bila huruma

Ukuta kwa Ukuta (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Wiki sita zilizopita tulimzika ba'mdogo wangu, mdogo wake baba wa tumbo moja. Ila mkiniuliza alikuwa nani kwangu nitasita kidogo, maana kwa miaka 19 alikuwa pia jirani. Nyumba zetu zinagusana mgongo, ukuta ni mmoja. Na yeye hakukubali hata siku moja kuchagua awe kipi. Akitaka kuazima kitu alianza na ujirani: "Jirani, nina shida ya ngazi." Ukimwambia ngazi naitumia, anauvua ujirani pale pale mlangoni, anavaa ubaba: "Basi mwanangu, baba yako ana shida ya ngazi." Ukikataa na hapo anarudi kwake, zinapita kama dakika mbili, anabisha tena: "Mimi ni mtu mwingine kabisa. Wale wawili waliotangulia sikuwatuma."

Ngazi alikuwa anaipata. Kuirudisha ndiyo ilikuwa shughuli.

Cheko lake sijui nilielezeje. Lilikuwa na vituo. Lilianza kama pampu ya baiskeli, fyu fyu fyu, hakuna sauti, pumzi tu. Halafu likakata kabisa. Hapo mgeni angedhani mzee amepaliwa, akainuka kumpiga mgongoni. Sisi wenyeji tulikuwa tunasubiri. Kimya, kimya, kimya, halafu linapasuka. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa mdogo alikuwa anaanza kucheka kwenye kile kimya, kabla ya mlipuko, kwa sababu alishajua kinachokuja.

Na salamu zake. Watu huulizana habari za asubuhi, za kazi, za watoto. Ba'mdogo alisalimia vitu. Kuna siku aliniona natoka na kiatu cha kushoto kimeachama mbele. Hakusema neno. Kesho yake alfajiri naona kichwa juu ya ukuta wa uani: "Habari za kiatu?" Nikasema nzuri. "Yule wa kushoto ameamkaje?" Yule! Kwake kiatu kilishahamia ngeli ya watu. Kile kiatu nilikitupa mwezi huo huo, lakini salamu ilidumu miaka 2, hadi nikawa namjibu, "Anakusalimia, amesafiri."

Usiku akikumbuka kisa aligonga ukuta mara mbili, maana yake uko macho? Nikijibu kwa kugonga mara moja anaanza kusimulia kwa sauti kupitia ukuta. Nusu ya maneno siyapati. Akimaliza anagonga mara tatu, yaani kisa kimeisha, sasa cheka. Nami nacheka. Sijui nacheka nini, nacheka kwa sababu yeye ameshaanza pampu yake kule upande wa pili.

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi. Siku ya mazishi ndugu yetu mmoja alipewa kazi ya kusoma wasifu. Nadhani aliuandika usiku, amechoka, akachota yale maneno ambayo husemwa kwa kila mtu. Akafika mahali akasoma: "Marehemu alikuwa mtu mpole, mkimya, asiyependa makuu."

Mkimya.

Palitulia. Nikasikia mtu nyuma yangu ametoa pumzi puani. Halafu mwingine, pembeni. Halafu mama mdogo, mjane mwenyewe, amekaa mstari wa mbele, mabega yakaanza kutikisika. Mtu akamshika akidhani analia. Alikuwa anacheka. Ndani ya muda mfupi umati mzima ulikuwa umeangua kicheko, watu wameshikana, machozi na kicheko huwezi kutenganisha. Msomaji akaitazama karatasi yake, midomo ikicheza, akairudia ile sentensi kimoyomoyo, na yeye akashindwa.

Mpaka leo kuna ndugu wawili wamenuna. Wanasema tulimdhalilisha marehemu. Mimi nasema hakuna siku alipewa heshima yake sawasawa kama dakika ile. Mnaonaje? Na kama unaye wako wa namna hii, mlete hapa tumjue.

Nimepita Tu

Pole sana mkuu. "Wale wawili waliotangulia sikuwatuma" nimeisomea kwenye daladala ya mawazo yangu, watu wakanigeukia. Mungu ampumzishe.

Kofia ya Zamani

Pole kwa msiba. Ila mimi nitasimama na hao walionuna. Mazishi ni mazishi. Si kila aliyefika pale alikuwa anazijua hizo pampu na vituo. Kuna mtu alikuja mara moja, hamjui marehemu kiundani, amekuja kumfariji rafiki yake, anaona watu wanavunjika mbavu mbele ya jeneza. Atasema nini akirudi kwake? Kicheko kina mahali pake. Huyo msomaji wa wasifu naye alipaswa kuuliza wenye mtu wao kabla ya kuandika.

Ukuta kwa Ukuta

@Kofia ya Zamani hapo kwenye kuuliza kwanza nakuunga mkono. Ila angeuliza tungekosa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole mleta uzi. Mimi kazi yangu imenikalisha na wafiwa wengi, nikaja kusoma kidogo kuhusu haya mambo ili nielewe ninachokiona.

Kulikuwa na mtafiti wa saikolojia Mmarekani, Robert Provine, aliyeamua kuacha kuchunguza vichekesho akachunguza kicheko chenyewe. Yeye na wanafunzi wake walikaa sehemu za watu, madukani, njiani, wakaandika kila mtu aliyecheka na kilichosemwa kabla hajacheka. Walikusanya visa 1,200. Walichokuta ni kwamba sehemu kubwa ya vicheko havikufuata mzaha wowote. Watu walicheka baada ya maneno kama "haya, tutaonana" au "wewe umetokea wapi?" Vilivyofuata kitu cha kuchekesha kweli havikufika asilimia 20. Na alikuta pia kwamba mtu hucheka akiwa na wenzake karibu mara 30 kuliko akiwa peke yake.

Kwa hiyo kicheko chenu pale hakikuwa cha mzaha. Mlikuwa mnaambiana kwamba wote mnamjua mtu yule yule. Ndiyo maana mgeni angebaki nje yake, hapo Kofia amesema kweli. Lakini mjane ndiye aliyekuwa wa kwanza au wa tatu kucheka. Mimi kwenye msiba huwa namtazama yeye. Akicheka, nacheka. Akinyamaza, nanyamaza.

Halafu swali: yule aliyesoma wasifu anaendeleaje? Huyo ndiye ninayemwonea huruma.

Ukuta kwa Ukuta

Huyo sasa ukoo mzima unamwita "Mkimya". Amelikubali jina.

Chaki na Ubao

Poleni. Naingia kwa jambo dogo la lugha, mnisamehe, ni maradhi ya kazi. Nimeona mleta uzi ameandika "marehemu" mara kadhaa halafu kwenye kichwa akamwita ba'mdogo tu, na nimefurahi. Tuna maneno mawili yaliyotoka Kiarabu. "Marehemu" ni aliyerehemewa, ni kama dua iliyokuwa jina. "Hayati" inatokana na neno la uhai. Magazeti hupenda kuliweka mbele ya majina ya viongozi, kwa hiyo watu wengi wanadhani ni cheo, kwamba mkubwa ni hayati na mdogo ni marehemu. Mimi kwa mtu wa kicheko ningechukua hayati, si kwa ukubwa, kwa ile maana ya uhai.

Ila nyumbani kwangu mama yangu alikataa yote mawili. Alisema, "Baba yenu ana jina." Mpaka anaondoka naye, alimtaja kwa jina, na kwa wakati uliopo. "Fulani hapendi mlango uachwe wazi." Miaka 7 baada ya kumzika. Tulikuwa tunaufunga.

Binti wa Ghorofani

Mwalimu umeniliza na mlango.

Naleta wangu. Si ndugu, alikuwa jirani tu, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mlango unaotazamana na wetu. Huyu mama simu ya kimakosa ilikuwa sikukuu kwake. Mtu anapiga, "Samahani, naongea na fundi?" Anajibu, "Fundi hayupo, ila niambie kimeharibika nini." Na mtu anaeleza! Kuna siku nimemkuta ameshika simu nusu saa, anamshauri mtu asiyemjua kuhusu mkwe wake. Alipokata nikamuuliza nani huyo. "Sijui, amekosea namba."

Wengine walikuwa wanarudia kupiga. Alikuwa amewahifadhi kwenye simu: Kimakosa wa Kwanza, Kimakosa Mwenye Mkwe, Kimakosa Mpole. Alipofariki binti yake aliipitia simu ili awape watu taarifa, akafika kwenye wale Kimakosa, akaja kunigongea tushauriane: hawa tunawaambia au tunawaacha? Tukawapigia. Mmoja alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Kwani alikuwa anaitwa nani?"

Nimepita Tu

Nilisema napita tu. Sasa nimekaa.

Mchambuzi Huru

Poleni wote. Lakini niseme ambalo wengi mnalikwepa. Watu wa vicheko sana mara nyingi wana jambo zito ndani. Anayecheka kuliko wote ndiye anayelia kuliko wote akifunga mlango. Mleta uzi, ulikaa naye miaka 19 ukuta kwa ukuta. Ulishawahi kumuuliza yuko salama? Pengine ile kugonga ukuta usiku ilikuwa ni kuomba msaada na ninyi mkawa mnacheka. Tujifunze kuwasoma watu wetu.

Ukuta kwa Ukuta

@Mchambuzi Huru nimekaa na ujumbe wako siku nzima. Nikaanza kukujibu kwa hasira, nikafuta. Nikaanza tena.

Najua wapo watu wa namna hiyo, na anayewajua awaulize, tena leo. Lakini ba'mdogo hakuwa huyo, na nitakuambia ninavyojua. Nilimwona akiwa na huzuni. Hakuificha. Alipofiwa na rafiki yake wa utotoni alikaa uani siku mbili, ukimsalimia anajibu, "Leo siwezi, mwanangu, nipitie keshokutwa." Unampitia keshokutwa, anakuuliza habari za kiatu. Alipougua mgongo alilia kwa sauti hadi mtaa ukajua, hakuna aliyebaki na shaka. Mtu anayesema "leo siwezi" hahitaji tumpekue.

Tukiona mtu ana furaha tunataka lazima tupate ufa. Kama vile furaha peke yake haitoshi kuwa maelezo ya mtu. Huyu mzee alipenda watu, alipenda vitu, alipenda sauti yake mwenyewe, na alilala usingizi mzito, nao nausikia ukutani. Alikoroma miaka 19. Mwacheni na furaha yake, aliifanyia kazi.

Na hakuwa malaika, tusije tukamsafisha kupita kiasi. Mzaha wake ulikuwa haujui saa. Mwaka nilioachishwa kazi nilirudi nyumbani saa nne asubuhi nimebeba boksi la vitu vyangu. Akaniona juu ya ukuta. Yeye alikuwa ameshastaafu. Akanyoosha mikono miwili: "Karibu chamani!" Halafu pampu, fyu fyu fyu. Nilipita bila kumtazama. Kile kimya cha katikati kilikuja, na safari hii mlipuko haukufuata. Aliona uso wangu.

Sikuongea naye wiki tatu. Usiku anagonga mara mbili, sijibu. Anasubiri, anagonga tena. Sijibu. Mke wangu akawa ananiambia mtu mzima huyo, mjibu. Nikageukia upande wa pili.

Wiki ya tatu, jioni, nasikia kitu kinaburuzwa nje. Natoka, namkuta ameleta ngazi. Ameifuta vumbi. Akaisimamisha ukutani taratibu, akahakikisha haiyumbi, akasema, "Nimeirudisha." Akaondoka. Hakuna jirani, hakuna mwanangu, hakuna kisa. Kwa miaka yote ile ndiyo mara moja pekee ngazi ilirudi bila kudaiwa. Nilielewa nimeombwa radhi.

Usiku ule akagonga mara mbili. Nikajibu.

Kesho yake asubuhi alikuja kuiazima.

Mchambuzi Huru

Nimekusoma mkuu. Nilizungumza kwa ujumla, sikumlenga yeye. Pole.

Nesi wa Zamu ya Usiku

"Mtu anayesema leo siwezi hahitaji tumpekue." Hii naiandika mahali.

Niongeze kidogo tu kwa wafiwa wanaotusoma kimya. Mtakuwa mmesikia habari za hatua tano za huzuni: kukataa, hasira, kujadiliana, kuzama kwenye majonzi, kukubali. Watu huzitumia kama ratiba ya basi, kwamba umefika kituo gani, mbona umechelewa. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, hakuanza na waliobaki nyuma. Baadaye ndipo zikahamishiwa kwa wafiwa. Na miaka ya 1990 watafiti kama Dennis Klass wakaanza kusema wazi kwamba mfiwa wa kawaida hakati uhusiano na aliyeondoka, anaubadilisha sura. Kwa hiyo mama yake mwalimu aliyekuwa anafungisha milango hakuwa na tatizo lolote.

Chaki na Ubao

Asante nesi. Laiti ningelijua hilo wakati ule, tulibishana naye sana.

Kaseti Upande B

Wakuu poleni. Swali kwa mleta uzi: sauti yake unayo?

Nauliza kwa sababu mimi wa kwangu sina. Picha ninazo nyingi, sauti hakuna. Dada yangu alikuwa mcheshi kuliko huyu ba'mdogo wako, usibishe. Alikuwa anaiga watu wote wa familia, ukifumba macho unadhani wamefika. Mwaka wa kwanza nilikuwa naisikia sauti yake kichwani vizuri kabisa. Sasa nakumbuka maneno, nakumbuka mdomo ulivyokuwa unapinda, lakini sauti imekuwa ya mtu yeyote. Nikijitahidi sana naisikia ya mama, maana walifanana.

Huwa nafikiri kwamba kabla ya 1877, pale Thomas Edison alipoirudisha sauti yake mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya bati, hakuna hata mtu mmoja duniani aliyewahi kusikia sauti ya aliyekufa. Zote ziliondoka na wenyewe. Sisi tumebahatika halafu tunafuta jumbe za sauti kwa sababu simu imejaa.

Kama unazo: zitoe kwenye simu leo. Ziweke kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili palipo mbali na simu, kisha zifungue usikie kama kweli zimehamia. Zipe majina yenye tarehe. Usiamini kwamba programu ya ujumbe itakutunzia. Simu ikiangukia majini ndiyo basi.

Ukuta kwa Ukuta

@Kaseti Upande B pole sana kwa dada. Ninazo. Nimezihesabu baada ya kusoma ujumbe wako, ni 63.

Sikilizeni hii. Alipojua kutuma jumbe za sauti aliacha kuja mlangoni kwa muda. Anakaa sebuleni kwake, anarekodi kwa sauti kubwa kama anahutubia. Mimi namsikia moja kwa moja ukutani anavyorekodi, nayajua yote, halafu simu inalia, ujumbe umefika, nausikiliza upya ili asione sijausikiliza. Kila habari ya ba'mdogo niliipata mara mbili.

Jana usiku nilifungua mmoja wa mwaka juzi. Anasimulia jinsi alivyomsalimia mtu kwa furaha dakika tano akidhani ni mwanafunzi mwenzake wa zamani, wakaulizana habari za watoto, wakaagana, ndipo akagundua yule bwana alikuwa anaongea na simu ya sikioni na mtu mwingine. Pampu inaanza. Kimya. Na kwenye kile kimya, kwa mbali, nyuma, kama inatoka chini ya maji, inasikika sauti ya mtu mwingine anacheka.

Ni mimi. Nilikuwa namsikiliza ukutani.

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema hapa.

Binti wa Ghorofani

Mimi basi, nimeishiwa.

Kaseti Upande B

Umeuhamisha?

Ukuta kwa Ukuta

Nimezihamisha zote. Mahali patatu.

Kofia ya Zamani

Narudi. Nimesoma uzi wote kuanzia juu, na msimamo wangu kuhusu kucheka mazishini haujahama sana, mnivumilie. Ila nina swali la kweli: hiyo ngazi ni ya nani hasa? Maana mleta uzi unasema alikuwa anaiazima kwako, lakini mtu aliyekaa na ngazi miaka 19 na wewe ukaitumia kwa nadra, sheria ya vitu vya kuazima inaniambia ilishahama.

Na mimi nilikuwa na shemeji wa namna hiyo. Alikuwa anaazima redio. Alipofariki tulikuta redio tatu, zote zangu. Moja nilishasahau kwamba nilikuwa nayo. Niliposimama pale na redio tatu mikononi nilicheka. Sikuwa mazishini, lakini haikuwa mbali sana na mazishini. Basi hilo nimelisema.

Nimepita Tu

Kofia mzee wetu, tumekuelewa 😂

Ukuta kwa Ukuta

@Kofia ya Zamani umegusa penyewe. Ngoja nieleze yaliyotokea Jumamosi.

Mama mdogo alituomba tumsaidie kupanga stoo ya marehemu. Tulikuwa mimi, binamu yangu, yaani mtoto wake wa mwisho ambaye sasa anakaa pale na mama yake, pamoja na majirani wengine wawili. Kila mtu alikuja na orodha yake kichwani. Jirani wa kulia anatafuta msumeno. Wa mbele anatafuta koleo na waya. Mimi ngazi.

Tukafungua. Vitu vimepangwa vizuri kuliko tulivyotegemea. Na kila kimoja kimeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wake ule unaolalia kushoto: CHA JIRANI. Msumeno, WA JIRANI. Koleo, LA JIRANI. Ngazi, YA JIRANI. Alizingatia ngeli, mwalimu ungempa alama zote. Tukaanza kufurahi kwamba kumbe mzee alikuwa anakumbuka, hakuwa na nia ya kujimilikisha.

Halafu binamu akainua nyundo. YA JIRANI. Akasema, "Hii ya baba. Alinunua mimi nikiwepo." Akainua toroli. LA JIRANI. La kwao. Kiti kibovu cha miguu mitatu, ambacho hakuna jirani duniani angekiazimisha: CHA JIRANI. Kofia yake mwenyewe, aliyovaa kila siku ya jua, ndani ya ukingo, kwa herufi ndogo: YA JIRANI.

Tulisimama. Hakuna aliyejua cha nani ni kipi. Jirani wa mbele alijaribu kusema koleo analitambua kwa mpini, lakini na mwenzake akawa analitambua kwa mpini ule ule. Mama mdogo akauliza kutoka mlangoni, "Mmeona nini?" Binamu akamwonyesha ile kofia. Akaisoma, akaisoma tena, akaikalia ngazi ya mlango, fyu fyu fyu. Sikujua kwamba na yeye anayo pampu. Miaka yote ile tulikuwa tunamsikia mmoja, kumbe wawili walikuwa wanacheka pamoja.

Mwisho tuligawana kwa kukisia. Ngazi nikapewa mimi. Sina uhakika kama ndiyo yangu. Yangu ninavyokumbuka ilikuwa na kipago cha tatu kilichopasuka, na hii vipago vyote ni vizima. Ama aliitengeneza, ama ni ya jirani.

Chaki na Ubao

Koleo kwa kweli ni ngeli ya LI-YA na amesema LA. Toroli vilevile. Mia kwa mia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kofia yake. Jamani.

Kofia ya Zamani

Sasa mimi kuna haja gani ya kuuliza ni ya nani. Nimejibiwa.

Ukuta kwa Ukuta

Wakuu, naleta mrejesho kidogo kisha niuache uzi uendelee kwa wenye wao.

Juzi jioni nimekaa, mlango ukabishwa. Binamu. Amesimama pale anaangalia chini, ni kijana wa aibu, hakuchukua kwa baba yake. Akasema taa ya nje imeungua, anahitaji kupanda. Nikamwangalia.

Nikamuuliza, "Unaiomba kama jirani au kama ndugu?"

Akafikiri kweli kweli. Akasema, "Kaka, unampa yupi?"

Nikamwambia nawapa wote wawili, ila irudi kabla ya giza.

Leo ni siku ya tatu. Taa inawaka, naiona kutoka hapa nilipo. Ngazi haijarudi.